Kinyonga wa Ipililo na Kibwagizo Nilichokifuta

Mwaka 1983, nikiwa mwanachuo katika chuo kimoja cha ualimu, nilitunga shairi la beti saba nikalibandika kwenye ubao wa matangazo. Kibwagizo chake kilimwita rafiki yangu kinyonga. Bweni zima tulikuwa tumekubaliana kugomea chakula. Usiku alikuwa pamoja nasi, asubuhi akaonekana bwaloni ameshika sahani. Shairi lilipendwa. Lilighaniwa mabwenini, na jina la Kinyonga likamganda mwenzangu mpaka siku ya kuhitimu. Hatukusemezana tena.

Nayaeleza haya kwa sababu ya mgeni niliyempata mwaka juzi hapa Ipililo, mkoani Simiyu, ninakoishi tangu nistaafu.

Ilikuwa mwezi Machi. Mjukuu wangu alikuja mbio kutoka kwenye ua wa minyaa uliopakana na shamba letu la pamba, ameshika kijiti, na juu ya kijiti kinyonga wa kijani mwenye jeraha ubavuni. Watoto wenzake walikuwa wakimpiga mawe, kama sisi tulivyofanya utotoni. “Babu, usimuue,” aliniambia, nami sikuwa nimetamka neno. Mke wangu alitoa hukumu yake papo hapo: kiumbe huyo hatalala ndani ya nyumba yake. Basi akawa mgeni wa barazani.

Nilimweka katika ndoo ya plastiki, nikamwekea kibakuli cha maji na majani mawili matatu. Siku ya tatu macho yake, yale yaliyotokeza kama vichuguu, yalikuwa yamedidimia. Nikampigia simu mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anafundisha Baiolojia Mwanza.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, binti yangu.” Nikamweleza.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Hapo umemfunga, Mwalimu. Bado hujamfuga.”

Miaka yote niliyofundisha Kiswahili sikuwahi kuyaweka maneno hayo mawili ubavuni kwa ubavu, yakitofautiana kwa konsonanti moja tu.

Kumbe kinyonga hayatambui maji yaliyotulia. Hunywa matone yanayoteremka juu ya majani. Nikatoboa kopo kwa ncha ya sindano, nikalitundika juu ya matawi lidondoshe polepole. Asubuhi na jioni nilinyunyiza majani kwa mkono. Bomba la kunyunyizia lilikuwapo, lakini lilishabeba dawa ya pamba, na harufu yake haitoki. Kwa sababu hiyohiyo panzi wa shambani walipigwa marufuku: mdudu aliyegusa dawa humuua anayemla. Mjukuu wangu aliwinda panzi, nzi na viwavi upande wa mbali, kwenye nyasi za malisho, na kila panzi alipimwa kwanza. Asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mlaji.

Ndoo nayo iliondoka, maana hewa haikupita na kuta zake hazikushikika. Fundi wa mtaani alinitengenezea fremu ya mbao yenye kimo cha mtoto wa darasa la pili, tukaizungushia wavu wa dirishani. Chandarua chakavu kilikuwapo, ila kilikuwa kimetiwa dawa. Ndani nilisimamisha matawi ya mpera, mengine manene na mengine membamba, mengine yamelala, ili vidole vyake vilivyogawanyika mfano wa koleo vipate cha kushika, na majani mengi upande mmoja apate kujificha tukimchosha kwa kumtazama. Upande wa pili ulipata jua la asubuhi. Bila jua hilo mwili wake haujengi vitamini D, na bila vitamini D mifupa hulainika hata kama tumbo limejaa panzi.

Siku ya kumi macho yalijaa tena. Ndipo nilipoanza kumsoma.

Alfajiri alikuwa mweusi-mweusi, akilaza ubavu kulielekea jua. Akishapata joto, ukijani ulirudi. Usiku alipauka. Watoto wakijazana barazani alitoa madoa meusi, akainua vile vipande viwili vya ngozi vya kisogoni mfano wa masikio, akafoka kwa sauti ya pumzi. Siku moja, bila idhini ya mwenyewe, nilimkalisha juu ya kanga nyekundu ya mke wangu. Nilingoja awe mwekundu, kama tunavyodai katika mashairi. Akawa mweusi kwa hasira. Mwenye kanga alipotokea, nami nilibadilika rangi.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha, kwa kuchunguza kinyonga wa Madagaska, kwamba ndani ya ngozi mna fuwele ndogo mno. Akitulia, zinasogeleana na ngozi inarudisha mwanga wa buluu, unaokutana na manjano ya ngozi ukaonekana kijani. Akisisimka, zinaachana, na rangi inahamia kwenye manjano na wekundu. Baridi, hofu, hasira, ugonjwa: vyote huandikwa juu ya ngozi. Sijui mnyama mwingine asiyeweza kuficha moyo wake kiasi hicho, naye ndiye tuliyempa kazi ya unafiki. Wanasayansi walimheshimu kuliko sisi. Mwaka 2006 walipounda jenasi mpya ya vinyonga wa misitu ya Afrika Mashariki na jirani zake, waliiita *Kinyongia*, kwa neno letu.

Wiki ya sita aliacha kula, akawa anazunguka chini ya kizimba akiparura mbao. Nilidhani anakufa.

“Mwalimu, huyo si mgonjwa. Ana mayai. Asipopata udongo wenye unyevu wa kuchimba, yatamkwama tumboni.”

Jeraha lilikuwa limepona, na mnyamapori hakuwa mali yangu. Tulimrudisha kwenye minyaa adhuhuri ileile. Alichimba chini ya kichaka mpaka giza likatukuta. Asubuhi shimo lilikuwa limefukiwa na mwenyewe hayupo. Mjukuu wangu aliambiwa mayai hukaa ardhini karibu mwaka mzima. Alizungushia miiba pale, plau isipite.

Kuhusu rafiki yangu: miaka mingi baada ya chuo, msibani, mwenzetu mmoja alinieleza kwamba alikuwa na vidonda vya tumbo na daktari alishamkataza kukaa na njaa. Aliona haya kutuambia. Nilinyamaza wakati ule, na niliendelea kunyamaza.

Baada ya mgeni kuondoka nilitoa daftari la zamani ili nikibadili kibwagizo. Nilihitaji neno la mizani tatu lenye kina cha nga. Popo hafiki mizani, na kina kinavunjika. Kipanga anatosha kote kuwili, ila kipanga hajanikosea. Nikakipiga mstari kibwagizo kizima, na shairi lisilo na kibwagizo likabaki limesimama kwa mguu mmoja.

Namba ya rafiki yangu niliipata katika kundi la simu la wahitimu wenzetu. Picha ya kinyonga niliyokuwa nimeiandaa sikuituma, nikihofia ataisomaje. Nilituma salamu, na chini yake maneno mawili ya kuomba radhi.

Jibu lilikuja kesho yake alfajiri: “Mwangaluka, mshairi. Umekula?”