Jina la Uhuru Katika Orodha ya Nyota

Sisi tunaosomesha Kiswahili katika Uganda tumezoea kusikia ya kwamba lugha hii ni ya askari na ya sokoni. Kiingereza, husema wanafunzi, ni cha elimu. Lugha ya mama ni ya nyumbani. Na Kiswahili ni cha kutolea amri na kupatania bei ya samaki. Maneno hayo tumeyajibu mara nyingi, aghalabu kwa hotuba. Lakini ipo siku moja ambayo hotuba ilitushinda, nayo ndiyo inayotufanya tuandike makala haya.

Tulikuwa katika kidato cha pili tukifundisha ngeli za majina. Msichana mmoja, aliyependa fizikia kuliko masomo yote, alisimama akauliza kwa adabu: "Samahani, Mwalimu. Kiswahili kimewahi kusema nini juu ya nyota? Siulizi majina yake, nauliza habari zake." Darasa likacheka. Sisi tukamjibu ya kuwa mwenye pupa hadiriki kula tamu, kisha tukarudi ubaoni. Yeye akaketi. Mwisho wa mwaka, wanafunzi walipochagua masomo ya kuendelea nayo, jina lake halikuwamo katika daftari letu. Haikutupasa kumjibu vile. Hatukuwa na jibu, nasi tuliificha aibu yetu nyuma ya methali ya wazee.

Miaka kadhaa ikapita. Siku moja, katika chumba cha walimu, mwenzetu wa fizikia alikuwa akisoma kitabu chake cha elimu ya nyota. Akatusogezea ukurasa wenye majina yasiyofanana na majina: 4U 1820-30, 4U 1636-53, 4U 1700-37. "Ninyi watu wa Kiswahili," akasema, "mwaijua U hii?" Tukakisia kwamba ni Ulimwengu. Akatikisa kichwa. U hiyo, alisema, ni Uhuru. Na nyota hizo zimo katika orodha ya nne ya Uhuru.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, roketi ya Kimarekani iliruka kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitalia walikuwa wamelisimamisha baharini karibu na Malindi. Mahali pale pako karibu na ikweta, na kwa hiyo roketi husaidiwa na mzunguko wa dunia. Tena chombo kinachozunguka juu ya ikweta huepukana kwa kiasi kikubwa na chembe zenye nguvu zinazovuruga vipimo. Roketi ile ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchungua miale ya eksirei itokayo mbinguni. Mkuu wa mradi katika NASA, Bibi Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi ile na siku ile. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti wake alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Yamkini msomaji atauliza: eksirei si ile ya hospitali, inayoonyesha mfupa uliovunjika? Ndiyo hiyo hiyo. Lakini hospitali huitengeneza kwa mashine, ilhali mbinguni hutolewa na vitu vyenye joto la mamilioni ya nyuzi. Nasi huku chini hatuipati, kwa sababu hewa ya dunia huizuia yote. Jambo ambalo ni rehema kwa miili yetu na hasara kwa elimu yetu. Kabla ya mwaka 1970 wataalamu walirusha roketi zilizokaa juu ya hewa kwa dakika chache tu, kisha zikaanguka. Roketi ya namna hiyo, mwaka 1962, ndiyo iliyogundua kitu cha kwanza cha kutoa eksirei nje ya jamii ya jua letu, katika kundi la nyota la Scorpius. Uhuru ilikaa ikitazama kwa miaka miwili na zaidi, hadi Machi 1973, na orodha yake ya nne, iliyotolewa mwaka 1978, ina vitu 339.

Miongoni mwa vitu hivyo tuvitazame viwili. Cha kwanza ni Hercules X-1. Uhuru iliona kwamba eksirei zake hupiga kama moyo, pigo moja kila baada ya sekunde 1.24, tena kila siku 1.7 hutoweka kwa muda, kisha hurudi. Maana yake ni kwamba kitu hicho kinaizunguka nyota nyingine, nacho hujificha nyuma yake. Hiyo ni nyota ya nyutroni: mabaki ya nyota kubwa iliyokufa, yenye uzito kuushinda wa jua, lakini imeshindiliwa ikawa tufe la upana wa kilomita 20 hivi. Uvutano wake humnyang'anya mwenzake gesi. Gesi huanguka kwa kasi kuu, hupata moto, na moto huo ndio eksirei. Kila tufe linapojizungusha, miale yake hutupitia kama taa ya mnara wa pwani.

Cha pili ni Cygnus X-1. Hiki hakina pigo la moyo. Hucheza kama mwali wa kibatari penye upepo, na mabadiliko yake hutokea chini ya sekunde moja. Hapo pana hoja nzuri ya kuwafundishia wanafunzi. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, na kitu hakiwezi kubadilika chote kwa muda mfupi kuliko ule ambao nuru huhitaji kukivuka. Basi kitu kinachobadilika upesi namna hiyo hakina budi kuwa kidogo, hata kikilinganishwa na nyota ya kawaida. Mwaka 1971 wataalamu walipambanua nyota kubwa ya samawati inayozungukana na kitu kisichoonekana, kila siku 5.6, na uzito wa kitu hicho ulikuwa mwingi kupita kiasi cha nyota ya nyutroni. Likabaki jina moja tu: shimo jeusi. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vinasema uzito wake ni kama wa majua 21, nalo liko mbali nasi miaka ya nuru ipatayo 7,200. Zaidi ya hayo, ziko galaksi ambazo katikati yake mna mashimo ya namna hii yenye uzito wa mamilioni ya majua, hata mabilioni. Nayo baadhi ya galaksi hizo Uhuru iliziona.

Tulipoyasikia hayo, jambo la kwanza lililotujia lilikuwa majivuno. Tulitaka kukimbia darasani tuwaambie wanafunzi: tazameni, Kiswahili kimeandikwa mbinguni! Lakini usiku tulijisaili. Jina limetoka kwetu. Taarifa zote za chombo kile ziliandikwa kwa Kiingereza. Chombo kiliruka mbele ya pwani yetu, kikaitwa kwa neno letu, kisha kikazungumza na wengine. Mwalimu akiridhika na jina peke yake, basi ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na yule msichana hakutuuliza majina. Aliuliza habari.

Kwa hiyo tulitunga somo la dakika 40, kwa Kiswahili kitupu, mwenzetu wa fizikia akituchungia makosa. Taabu haikuwa ndogo. Maneno nyutroni, galaksi na setilaiti yalipita bila kelele, kwa kuwa mgeni mwenye adabu hukaribishwa. Neno lililotusumbua lilikuwa shimo. Wanafunzi walipolisikia walidhani ni mahali patupu, kama shimo la taka. Kumbe kitu chenyewe si kitupu hata kidogo, kimejaa uzito. Mmoja akapendekeza liitwe "kimezanuru". Tulilipenda, ingawa tumeendelea kusema shimo jeusi, maadamu ndilo wanalolikuta vitabuni.

Hapo kijana mmoja, aliyekulia kando ya mto Nile juu ya maporomoko, akaomba kusema. Akasema: "Mwalimu, kule kwetu pana mahali ambapo mvuvi akipita hawezi tena kurudi, hata awe na nguvu gani, kwa sababu maji yanakwenda kasi kuliko kasia lake. Ukitazama huoni alama yoyote pale majini. Lakini mngurumo unausikia kutoka mbali." Mwenzetu wa fizikia, aliyekuwa amekaa nyuma, aliweka kalamu chini. Akatuambia baadaye kwamba katika miaka yake yote hakupata kuueleza mpaka wa shimo jeusi vizuri hivyo: kasia ni nuru, na mngurumo ni eksirei, inayotoka kwa gesi ambayo bado haijavuka mpaka.

Tokeo hilo limetufundisha kwamba upungufu tuliokuwa tukiutupia Kiswahili ulikuwa wetu sisi. Lugha ilikuwa tayari na mto, kasia na mngurumo. Iliyokosekana ni saa moja ya kazi ya mwalimu. Nao mlango wa Malindi haujafungwa: chombo cha eksirei kiitwacho IXPE, kilichorushwa kutoka Florida Desemba 2021, kilipangiwa kuteremsha habari zake katika kituo cha huko huko, na mwaka 2022 kikachungua Cygnus X-1 ile ile.

Twawaomba walimu wenzetu, kila mmoja atunge somo moja la namna hii, la nyota au la damu au la udongo, na alilete chamani ili tulisahihishe pamoja. La kwetu tunaliambatisha kwa katibu. Msichana yule alikwisha kuondoka shuleni tulipolitunga. Tumeliandika jina lake kwa kalamu juu ya nakala yetu wenyewe, nasi hulisoma kila mwaka kabla ya kuingia darasani.