Imba Kwanza, Vidole Vifuate

Ilala ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 haikuwa mahali pa kuingia dukani na kutoka na seti ya nyuzi za gitaa. Vita vya Kagera vilikwisha 1979, bidhaa zikawa adimu, na uzi ukikatika tulichambua waya wa breki ya baiskeli. Lakini uani kwa mzee aliyenifunza gitaa kulikuwa na redio kaseti, na humo nikawasikia Wes Montgomery, George Benson na Curtis Mayfield.

Mzee alikuwa mpiga rithim, na hakuona haja ya kumfundisha mtu solo kabla hajatulia kwenye rithim. Alinipa kodi mbili tu, E maina na A seveni, nikazizungusha mpaka jua likazama. Ndipo akalichukua gitaa, akaendelea kuzipiga yeye, akaniambia, “Imba kwanza, mwanangu. Vidole vifuate.”

Nilimwonea haya, lakini nikaimba. Kipande kifupi tu, kisha nikakitafuta kwenye nyuzi. Akanionyesha jambo ambalo bado naliona ndiyo siri ya jazz: kwenye E maina shikilia D, na kodi inapogeuka kuwa A seveni, shuka nusu toni hadi C shapu. Noti moja imesogea, na msikilizaji amesikia kodi zote mbili. Nilipolipata hilo nilisisimka mwili mzima.

Kukopi hakukuwa aibu kwake. Wes Montgomery mwenyewe, kijana wa Indianapolis, alijifunza kwa kukariri solo za Charlie Christian kutoka kwenye santuri, na kwa solo hizo akapata kazi ya kwanza klabuni. Baadaye ndipo dunia ikamjua kwa dole gumba lake na kwa okteva zake. Benson naye, katika “This Masquerade” ya 1976, anaimba noti zilezile anazopiga. Mzee alirudisha nyuma sehemu hiyo ya kaseti mara nyingi kuliko nyingine yoyote.

Soul aliipenda kwa namna ya pekee. Alikuwa kijana mwaka 1969, soul ilipopigwa marufuku Dar es Salaam kwa madai ya kuharibu maadili, na alizungumza juu ya miaka ile kwa uchungu. Alinisikilizisha Steve Cropper akipiga nyuma ya Otis Redding: mwimbaji anapovuta pumzi, gitaa linajibu kwa noti mbili tatu, kisha linanyamaza. Kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko okteva. Mikono ya kijana hutaka kujaza kila pengo, na mzee alinifunika nyuzi kwa kiganja kila nilipojibu kabla ya kuulizwa.

Leo naona vijana wenye vipaji wakikimbiza skeli kutoka kwenye simu, kwa kasi ya kutisha, bila mtu wa kuwapigia rithim. Kasi hiyo haiwafikishi kwenye solo. Nawaomba wamtafute mwenzao mmoja, wamwachie zile kodi mbili, waimbe kabla ya kugusa uzi.