Kishale Kilichotulia

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilipoteza yangu daftari likiwa wazi mbele yangu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Kasulu kuandika habari za mahame yetu, pale baba alipoishi kabla watu hawajahamishiwa vijijini katika miaka ya 1970. Baba alisimulia kwa Kiha, nami nikaandika kwa Emacs. Programu hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta ya mwanangu, Dar es Salaam. Mashine yangu kuukuu ilipokea amri za kuchora tu, kupitia mtandao wa simu: chora herufi hapa, chora kishale pale.

Jioni ile baba alikuwa akitaja majirani wa zamani, nyumba kwa nyumba. Nilimtazama usoni, vidole vikiandika vyenyewe. Nilipotupia kioo jicho, kishale, kile kialama kinachoonyesha herufi itakapoingia, kilikuwa kimetulia. Sikushtuka. Kwa kawaida Emacs hukipepesa mara 10, kisha hukiacha kitulie mpaka uguse kibao. Nikaendelea kuandika.

Kumbe mtandao ulikuwa umekatika. Kishale nilichokiona kilikuwa mchoro wa mwisho tu, uliobaki kiooni kama nyayo za mtu aliyekwisha pita. Baadaye dirisha zima likatoweka.

Mtandao uliporudi, nilikuta faili la akiba, jina lake limezungushiwa alama ya #. Emacs huweka akiba hiyo kila baada ya kugusa kibao mara 300 hivi, na hujitahidi kuiweka hata inapopoteza kioo chake. Kila kilichofika Dar es Salaam kilikuwa salama. Majina niliyoyaandika baada ya pale hayakufika kokote.

"Baba, naomba unitajie tena," nilisema kwa aibu.

Hakukasirika. Alianza upya, nyumba kwa nyumba, mpaka kwenye nyumba moja iliyokuwa karibu na kijito. Akanyamaza muda mrefu.

"Huyo nilikutajia, mwanangu," akasema. "Sasa limenitoka."

Halijamrudia mpaka leo. Siku hizi ninapomsikiliza baba nina kalamu na karatasi, na kila jina namsomea kabla hajaenda kwenye nyumba inayofuata.