Busu la Upande Mmoja

Mwezi huu nakusimulia habari za mdomo wangu. Usicheke.

Miaka mitatu iliyopita gego langu la mwisho, chini kulia, lilikuwa limelala ndani ya taya badala ya kusimama. Kila mara shavu linavimba. Daktari akasema atapasua fizi, achonge mfupa kidogo, alitoe. Nikaletewa karatasi ya kusaini. Unadhani niliisoma? Mhariri mzima, ninayelipwa kusoma, nilisaini huku naongea na simu ya ofisini.

Kesho yake ganzi ya sindano ilikuwa bado ipo. Nusu ya mdomo wa chini na kidevu, kama si vyangu. Kwenye kioo nacheka vizuri tu, maana neva iliyoguswa ni ya kuhisi, si ya kusogeza misuli. Inapita ndani ya mfupa wa taya, chini ya mizizi ya magego, inatokea kidevuni. Chai inaniunguza sina habari. Punje ya wali imening'inia mdomoni, mume wangu ananionyesha kwa kidole mbele ya wakwe!

Lakini balaa lilikuwa busu. Nahisi upande mmoja tu. Nikaanza kumkwepa, kisingizio uchovu. Wiki tatu tumelala tumepeana migongo kwa sababu ya jino, jamani. Usiku mmoja akaniuliza wazi, "Kuna mtu?" Nikalia, nikamweleza.

Tukarudi wote kwa daktari. Akasema neva ikibanwa au kuvutwa bila kukatika, mara nyingi hupona yenyewe, wiki kadhaa hadi miezi. Nyuzi zake zikiharibika huota upya taratibu, kama milimita 1 kwa siku. Akanigusa kwa pamba na ncha ya sindano, akachora mpaka wa ganzi kidevuni. Miezi 3 ikipita bila mabadiliko, anipeleke kwa bingwa wa upasuaji wa taya, maana ukichelewa sana hata kuishona neva hakusaidii sana. Na wachache hubaki na ganzi maisha. Yote hayo yalikuwa kwenye ile karatasi.

Mwezi wa pili nikaanza kusikia kama sisimizi wanatembea mdomoni. Dalili nzuri, kumbe. Mume wangu akajipa kazi ya kuchora mpaka kila Jumapili, kwa kalamu yangu ya kusahihishia.

Leo imebaki sehemu ndogo chini ya mdomo, kama sarafu. Anaijua ilipo kuliko mimi, na hapo ndipo anapoanzia.