Karatasi Iliyolala Mezani

Mwezi huu hatuwaandikii habari za safari wala za sikukuu, bali habari za meza yetu wenyewe. Nasi twaziandika kwa haya.

Tulikuwa tukifundisha shule, na pamoja na hayo tukiweka hesabu ya sadaka na kuandika majina ya wabatizwa. Kazi zilipozidi tukajisifu, tukiwaambia watu, "Hatuna nafasi hata ya kula." Wala hatukuona ya kuwa saa nyingi zilipotea katika kutafuta ufunguo, kalamu na daftari.

Hata siku moja akaja mama mjane na karatasi ya mwanawe, tuitie sahihi, ili kijana apate nafasi katika shule ya juu. Akasema, "Mwalimu, mwisho wa kuipeleka ni Ijumaa." Tukamjibu, "Usihofu, mama, iache hapa." Tukaiweka mezani, na juu yake tukaweka madaftari ya watoto, na juu ya hayo daftari la sadaka. Ijumaa ikapita. Tulipoiona tena karatasi ile, majuma mawili yalikuwa yamekwisha, na nafasi amekwisha pewa mwingine.

Tukaenda nyumbani kwake kuungama. Mama hakutulaumu. Alitupa kiti, akanyamaza kitambo, ndipo akasema, "Basi, mwanangu atalima mwaka huu." Neno lile lilitulemea kuliko matusi.

Tangu siku ile tukatafuta dawa. Tulisoma habari za Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1706. Yeye alijiandikia sifa njema 13 apate kujizoeza, na mojawapo ni utaratibu. Alikuwa na kijitabu chenye siku 7 za juma, akitia alama kila alipokosa. Naye alikiri ya kuwa utaratibu ndio uliomsumbua kuliko zote. Hilo lilitufariji, kwani tuliona hata mtu hodari huanza kwa kujua udhaifu wake.

Tena tukamkumbuka Musa, aliyeketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Mkwewe Yethro alimwonya kwamba atajichosha yeye na watu pia, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, na maneno mazito tu yaletwe kwake. Basi nasi tukamwomba mzee mmoja wa kanisa ashike hesabu ya sadaka, naye aliishika vizuri kuliko sisi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeona ya kuwa hata ahadi ni mali. Kwa hiyo tuna daftari moja tu: mtu akituomba neno, twaliandika angali akisema, pamoja na siku yake ya mwisho. Karatasi za watu zina sanduku lao, wala hapana kitu kingine kinachowekwa humo. Twalifungua kila asubuhi kabla ya kengele. Jioni, kabla ya sala, twalisoma daftari na kuchagua kazi tatu za kesho. Na ile ambayo mtu anaingoja ndiyo ya kwanza.

Hatusemi tumeshinda. Ziko siku ambazo meza hurudia hali yake ya kale. Lakini mwaka uliofuata yule mama alikuja tena na karatasi, nasi tukaitia sahihi angali amesimama mlangoni, tukaipeleka wenyewe siku ile ile. Kijana akapata nafasi. Mwaka wake uliopotea hatuwezi kumrudishia.

Tulidhani utaratibu ni desturi ya watu wa ofisi. Sasa twajua ya kuwa ni sehemu ya kumpenda jirani. Basi, walimu wenzetu, nanyi wenye nyumba, tazameni meza zenu jioni ya leo. Huenda chini ya madaftari yuko mtu anangoja.