PhD yangu iko wapi?

Nimepotea kidogo, nilikuwa nyumbani Nyamira. Mama akaniuliza tena: "Hiyo PhD ya uhandisi utaanza lini?" Basi nikakaa nikahesabu.

Kwanza shahada ya uzamili, maana nina digrii moja tu, ya sayansi ya kompyuta. Halafu PhD yenyewe, si chini ya miaka mitatu: pendekezo la utafiti, kibali cha NACOSTI, makala mbili katika majarida ya kitaaluma (ndivyo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilivyoweka mwaka 2014), tasnifu, kisha kuitetea mbele ya watahini.

Hayo nayaweza. Kilichonikwamisha ni mhadhiri mmoja niliyemwonyesha programu yangu ya kurekodi kilo za majani chai. "Inafanya kazi," akasema. "Lakini umegundua nini ambacho hakikujulikana?"

Nikanyamaza. Programu ninayo, swali sina.

Jana nikamsindikiza Mama kituoni kupima majani. Wakulima wakalalamika kwamba kilo za hapo na za kiwandani hazilingani. Ni maji yanayokauka njiani, ni mizani, au ni mkono wa mtu? Programu yangu haiwezi kutofautisha.

Labda swali ndilo hilo. Mama bado sijamwambia.