Likizo na Kapu la Chai

Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaipambia insha nyingi na kutuzwa alama. Hata hivyo, sikuielewa hadi Jumatatu moja ya mwaka huu, saa kumi na mbili unusu asubuhi, nilipomkabidhi yaya mwanangu wa miezi mitatu na kushika njia kurudi shuleni ninakofundisha.

Juma lililotangulia nilikuwa nimefungua kamusi kulitazama neno ‘likizo’. Nilitaka kujua kwa nini miezi mitatu ya kukesha na kufua nepi iitwe kwa neno lile lile tuliitalo mapumziko ya wanafunzi. Jirani na neno hilo nilikikuta kitenzi ‘likiza’. Kina maana mbili: kumpa mtu ruhusa ya kupumzika, na kumwachisha mtoto kunyonya. Nilikaa kitako. Kumbe likizo yangu ilipokuwa ikielekea ukingoni, ndipo kulikizwa kwa mwanangu kulipokuwa kukianza!

Kamusi hiyo ina kisa chake. Niliinunua kwa pesa za kibarua changu cha kwanza, Desemba mwaka 2013, nikiwa na umri wa miaka kumi na sita. Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Pili, na nyumbani kwetu Nyamira karo ya muhula uliofuata haikuwa imepatikana. Nikaenda kuchuma chai katika shamba la jirani. Tulianza alfajiri, umande ukitulowesha hadi mapajani licha ya nailoni tulizojifunga kiunoni. Kila mchumaji alipewa mstari wake. Tulichuma majani mawili na chipukizi, tukiyatupa kapuni mgongoni, na alasiri tukapeleka makapu kituoni kupimwa. Mwenye shamba aliandika kilo za kila mtu daftarini mwake. Ujira wetu ulikuwa shilingi 8 kwa kilo.

Mstari uliopakana na wangu ulikuwa wa mama mmoja aliyekuwa amejifungua yapata miezi miwili awali. Kitoto chake alikilaza juu ya leso chini ya mparachichi, kando ya shamba, kikilindwa na dada yake wa miaka kama saba hivi. Kilipolia, mama aliteremsha kapu na kwenda kukinyonyesha. Aliporudi, sisi wengine tulikuwa tumeshamwacha nyuma.

Siku ya tatu nilifanya jambo ambalo sijawahi kulisimulia. Alipokwenda kunyonyesha, niliuingia mstari wake. Chai yake ilikuwa imechipua vizuri kuliko yangu, na mikono yangu ilikuwa miepesi. Nilijiambia kuwa shamba si lake wala langu, na kwamba ajaye kazini na mtoto amejitakia mwenyewe. Aliporudi, aliitazama michai iliyokwisha chumwa, akanitazama na mimi, kisha akalirekebisha kapu lake na kusonga mbele bila kusema neno.

Alasiri hiyo mizani ilisoma kilo 31 kwangu na 14 kwake. Shilingi 248 kwa 112. Kabla ya kuondoka kwenda kituoni alikuwa ameniomba nimsaidie kujitwika kapu, kwani mtoto alikuwa amembeba kifuani. Nililiinua. Lilikuwa jepesi mno.

“Asante, mwanangu,” akaniambia.

Nilirudia mchezo huo siku nyingine mbili. Januari nilirejea shuleni nikiwa na sehemu ya karo na kamusi mpya, na wazazi wangu wakanisifu kwa bidii.

Hebu turejee Jumatatu ile. Katikati ya kipindi cha ushairi na Kidato cha Nne, nilihisi maziwa yakishuka. Sweta yangu ikaloa mbele ya wanafunzi arubaini. Nilisimama nikiwa nimejikinga kwa kitabu, nisijue nishike lipi. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akipita alinitazama mara moja, naye ni baba wa watoto watatu, akaingia na kuipokea chaki.

“Nenda nyumbani, mwalimu. Hiki nitakushikia.”

Nilikimbia kwenye chumba changu cha kupanga, umbali wa dakika kumi kwa miguu, nikamkuta mwanangu akilia, kikombe cha maziwa niliyoyakama usiku amekikataa. Aliponyonya akatulia, mimi ndiye niliyeanza kulia. Nilikuwa nikimlilia yule mama wa chini ya mparachichi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inanipa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Mengi yamesalia kutekelezwa, lakini mimi angalau nina kifungu cha kutaja. Je, kibarua alipwaye kwa kilo, asiyeandikwa popote ila katika daftari la mwenye shamba, huanza likizo lini na kuimaliza lini? Yule mama alirudi kazini kwa sababu unga ulikuwa umekwisha. Na huko alinikuta mimi.

Niliporudi shuleni, nilikuta mwenzangu amemaliza shairi na kuandika kwenye rejesta ya kipindi jina langu, si lake. Alikuwa ameuchuma mstari wangu na majani akayatia kapuni mwangu.

Mpenzi msomaji, huenda nawe una mwenzako, darasani au kazini, aliyetoka uzazini juzi na sasa anachelewa, anasinzia au anaomba ruhusa mara kwa mara. Mstari wake utauona umeachwa wazi. Uchume, tafadhali. Ila kumbuka kapu ni la nani.